Siku Tatu Bila Kuzima

"Mathe, ulifuta hiyo video lini?" aliuliza Kihara, fundi wa kompyuta hapa mtaani Rhonda.

"Jumapili, kwa makosa. Ni marehemu mamangu akimwimbia huyu mtoto wangu. Sina ingine."

"Disk ya zamani ningekurudishia. Hii yako ni SSD, disk ya kisasa. Ukifuta kitu, kompyuta yenyewe inaiambia isafishe hiyo nafasi. Lakini kama uliizima hapo hapo, labda haikumaliza kuisafisha."

Laptop ilikuwa bado moto mapajani mwangu. Nilikuwa nimeiacha ikiwaka siku tatu, chaja ndani, nikiogopa kwamba nikiizima video itapotea kabisa.

"Uliizima, sindio?"

Binti yangu akanyoosha kidole kutoka mgongoni mwangu, akagusa kioo.

"Mami, weka Shosho aimbe."