Mama Mkwe Hewani

Kikohozi kilisikika, kisha kikajirudia vilevile, kama mtu amekohoa ndani ya debe. Skrini bado ilikuwa nyeusi.

"Ni yeye!" Dorca alinong'ona.

Joram alikaza tai. Chini ya tai kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na chini ya shati, mahali ambapo kamera haingefika, kaptura ya kuchezea mpira. Laptopu ikapepesa, paji la uso la Mama Debra likajaa skrini nzima. Mamake Dorca hakuwahi kuonekana zaidi ya hapo: paji, na ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Dereva," akasema, "hujambo?"

"Sijambo, Mama. Ila sauti yako inakuja mara mbili."

"Ni mashine yako hiyo. Sauti yangu ni moja."

Jumamosi wazee wa kina Joram walitakiwa kupeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Dorca, Port Victoria. Mama Debra alikuwa ameapa kwamba ng'ombe hao hawatavuka lango lake mpaka ajue binti yake atalala wapi. Maana Joram hakuwa na nyumba ya mawe wala ya udongo. Alikuwa na lori kuukuu lililowahi kusambaza mkate. Alilitia kitanda, jiko, sinki na sola juu ya paa, akawa anazunguka nalo ufuoni, leo Kisian, kesho kwingine, akitengenezea hoteli tovuti zao.

"Binti yangu haolewi kwenye stendi," Mama alitangaza, na tangu siku hiyo Joram akawa Dereva.

Ndiyo maana laptopu ya kumwonyesha makao hayo ilichaguliwa kwa makini zaidi kuliko hao ng'ombe. Dukani kwa Nasir, mjini Kisumu, walimaliza saa tatu nzima. Joram aliipenda ile kubwa yenye taa kwenye kibodi.

"Hiyo itafyonza betri ya lori mpaka asubuhi injini ikatae," Nasir alionya. "Chukua hii nyembamba. Inachaji na waya wa simu. Jua likitoka tu, umeshiba."

"Na kamera?"

"Kamera, ndugu yangu, itamwonyesha mpaka vumbi."

"Basi tumekwisha," Dorca alisema, wakainunua.

Sasa saa ya mtihani ilikuwa imefika.

"Zungusha hiyo kitu nione," Mama aliamuru.

Joram aliinua laptopu kwa mikono miwili kama anabeba keki ya harusi. "Hii ndiyo sebule, Mama." Akageuka. "Na hii ni jikoni."

"Umeshafika jikoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Hujatembea. Umegeuka tu."

Dorca aliuma mto asicheke. Joram akafungua bomba, maji yakatoka. Akawasha jiko, moto ukaruka wa samawati, karibu uichome tai. Kwa furaha akaelekea nyuma, kwenye kitanda, na papo hapo paji likatoweka. Kiganja cha Mama kilikuwa kimefunika kamera yake.

"Huko usinionyeshe!"

"Samahani, Mama!"

Mvua ikaanza kupiga paa.

"Huku imeanza kunyesha, Mama."

"Hata huku," Mama alisema, mara mbili, upesi upesi.

Lori likatikisika.

"Ni nini hiyo?" Dorca aliuliza.

"Upepo wa ziwa," Joram akajibu kwa sauti ya mtu mwenye nyumba imara.

"Gurudumu la nyuma ni gumu," Mama alisema.

"Gumu kabisa, Mama! Ni jipya."

"Nimeona ya kutosha." Picha ikakatika.

Joram alijitupa kitini. Hakuambiwa ndiyo, hakuambiwa hapana. "Yawa, Dorca, ni ile jikoni! Ningetembea kidogo."

"Utembee uende wapi? Ungetokea nje."

Wakaangua kicheko, kile cha watu wanaokaribia kulia. Dorca akachukua sufuria, akafungua mlango amwage maji, akapiga yowe. Hatua tatu kutoka ngazini, chini ya mwavuli wa kijani, Mama Debra alikuwa amesimama, viatu vimezama topeni, simu mkononi.

"Mama! Si uko Port Victoria?"

"Nimeshuka hapa Kisian saa nane. Picha hudanganya. Nimezunguka hii kitu mara nne."

Joram aliruka chini na kaptura yake, akaifuta ngazi kwa tai. "Karibu, Mama! Ingia, unalowa!"

Mama akarudi nyuma hatua moja. Joram akaisogeza ngazi. Mama akarudi hatua ya pili, akageuza uso pembeni.

"Chai tu, Mama. Dakika moja!"

Hatua ya tatu. Upepo ukaupindua mwavuli, mvua ikamshukia kichwani, naye akaona heri alowe kuliko aukaribie mlango ule. Joram aliiona Jumamosi ikisombwa na maji.

"Ni kwa sababu ni ndogo?" aliuliza. "Nitaongeza, Mama. Hata laptopu nitauza. Sema tu."

"Hiyo chai niletewe hapa nje," Mama Debra alisema, maji yakimtiririka puani. "Kwani ulilelewa wapi wewe? Kwa mila yetu, uliona wapi mama akiingia nyumba ya mume wa binti yake? Nakuahidi, mkwe wangu, na Dorca ni shahidi: humo ndani sitakanyaga mpaka nizikwe."