Mikeka Juu ya Kioo

Siku ya tatu tangu daraja jipya la waenda kwa miguu lifunguliwe, Mwanahawa, msuka mikeka, alifika akisukuma baiskeli iliyobeba mikeka yake yote ya kuuza. Sakafu ya daraja ilikuwa kioo kitupu. Chini, kando ya barabara, walisimama wanaume, wakitazama juu na kucheka kila mwanamke alipopita.

Mwanahawa akatandika mkeka wa kwanza.

“Mama, unaharibu daraja!” Lukindo, msanifu aliyelichora, alimkimbilia. “Nimeweka kioo ili mwanga ufike chini.”

“Mwanga unaoshuka uliuona. Macho yanayopanda hukuyaona?”

“Wa kufukuzwa ni hao wanaume.”

“Wafukuze basi! Si wewe uliyewajengea dirisha?” Mwanahawa akakunjua mkeka mwingine. “Jana binti yangu aliona aibu kupita hapa, akakatiza katikati ya magari. Kaponea chupuchupu.”

Lukindo akachungulia chini. Mwanamume mmoja akampungia mkono.

Mwanahawa alitandika mpaka ng’ambo. Wanawake waliokwama ngazini wakaanza kuvuka, wameyaachia magauni waliyokuwa wameyabana. Lukindo alibaki mbele ya mkeka wa kwanza. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.