Alama Ndogo ya Kijani

Fundi wa programu alikuwa anafunga kompyuta aende kula, ndipo jicho lake lilipotua kwenye mstari mmoja wa ripoti ya majaribio: yaliyofanyika, sifuri; yaliyofeli, sifuri.

Akausoma tena, taratibu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga kile kijiprogramu cha kubandika alama kwenye ukurasa wa maelezo wa kila mradi, kuonyesha kama umepita majaribio. Alikiagiza hivi: kama hakuna jaribio lililofeli, bandika kijani. Hakukifundisha kuuliza kwanza kama kuna jaribio hata moja lililofanyika. Wiki tatu nzima kilikuwa kinagawa kijani kama mlevi anayegawa salamu, hata kwa programu ya kuendesha dripu za wagonjwa.

Akampigia mdogo wake, muuguzi, ambaye wodi yake ndiyo iliyokuwa ikiisubiri programu hiyo.

"Dada! Nilitaka kukupigia. Tumeiwasha asubuhi. Daktari alikuwa anasitasita, nikamwonyesha ile alama yenu ya kijani. Nikamwambia, hii kazi ya dada yangu, ondoa shaka."

"Izimeni."

"Si imepita majaribio?"

Kwenye kioo cha kompyuta alama ilikuwa ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga, imekolea rangi, inapendeza. Aliifunika kwa kidole gumba.

"Nimesema izimeni! Sasa hivi!"

Upande wa pili simu ikawekwa mezani bila kukatwa. Akasikia viatu vya mdogo wake vikikimbia sakafuni, na kwa mbali kengele ya mashine moja ya dripu. Halafu ya pili.