Muhuri wa Bwana Shemhilu

"Mtihani utafanya mwaka ujao, binti yangu. Maliza mafunzo kwanza," alisema Bwana Shemhilu, mwenye ofisi ya usanifu majengo, huku akipuliza chai.

Zamda, mwanagenzi wake, akaweka kalamu chini. Mwaka jana aliambiwa vivyo hivyo. Bodi ya wasanifu majengo ilikwisha ruhusu wanagenzi wafanye mtihani huku wakiendelea na mafunzo, mradi bosi wao akubali, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha.

"Mafunzo gani, mzee? Zahanati hii nimeichora mimi, kuanzia msingi hadi paa!" Zamda aligonga mchoro uliokuwa mezani.

"Na nani ataigongea muhuri? Wewe?" Alicheka. "Mtoto hatambai akakimbia siku hiyo hiyo."

Bi Mwanahija, mpika chai, alimwangalia Zamda, akamjazia kikombe bila kuombwa.

Bwana Shemhilu akaukandamiza muhuri kwenye wino, akauinamia mchoro. Zamda akafunika kwa kiganja ile pembe ya jina la msanifu, palipoandikwa Shemhilu peke yake.

"Toa mkono."

"Gonga tu, mzee."

Mlangoni wateja waliokuja kuchukua mchoro wa zahanati walipiga hodi.  Muhuri ulibaki hewani, juu ya vidole vya Zamda.