Picha za Jumamosi

"Mbeyu, hiyo seva pepe ya kamera ihamishe kwenye mashine mpya," meneja wa hoteli ya Galu alimwambia fundi wake wa kompyuta. "Lakini picha za Jumamosi zifute."

Jumamosi, binti mmoja wa usafi alikufa maji bwawani. Mamake alikuwa getini tangu asubuhi, akiomba aonyeshwe picha hizo.

Seva pepe ni kompyuta ya programu tu, haina mwili. Huhama na kumbukumbu zake zote. Mbeyu aliihamisha nzima. "Wallahi, mama ataona," aliapa, akijipangusa kutu ya mashine kuukuu vidoleni kwa mtandio wake wa manjano.

Akazifungua picha kuhakikisha zimefika. Binti alikuwa akitapatapa, mkono juu. Kando yake alipita mtu, simu sikioni, akicheka, asigeuke.

Alikuwa yeye mwenyewe, na mtandio huu huu wa manjano.

Mbeyu akausogeza mshale kwenye neno "Futa".