Samaki wa Kubembelezwa

"Kula, mpenzi wangu. Tonge moja tu," mume wa Wajdan alibembeleza, mkono umezama hadi kiwiko kwenye tangi la maji ya chumvi.

Samaki wa manjano, mdomo mwembamba kama sindano, akampa mgongo. Tangu aletwe nyumbani hajaonja kitu.

Vidole vya mume vilinuka kitunguu saumu, alichochanganya na chakula ili kumtia samaki hamu. Wajdan alikatazwa kupikia kitunguu hichohicho, ati kinamtia bwana kichefuchefu.

Wivu ukampanda Wajdan. Akaisukuma sahani yake ya wali na kamba.

"Mimi pia sili," alisema, akangoja zamu yake.

Mume akageuka, uso umemchangamka.

"Huli? Basi lete hao kamba, huenda mwenzio akawala."