Mgonjwa wa Siku Nne

Shati la maua lilikuwa ndani ya gunia la mkaa. Juu yake kulikuwa na miwani ya jua, mafuta ya kujipaka na kofia ya kuogelea ya njano yenye ua kubwa la mpira. Kofia hiyo Mwalimu aliinunua mtumbani ua likiwa limebanduka, na mumewe, fundi viatu, akalibandika upya kwa gundi ya soli.

"Begi lingetuumbua," alisema Mwalimu akikaza kamba. "Gunia halina maswali."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Ilibidi waende kwa siri. Siku nne kwenye hoteli ya kifahari kando ya ziwa, walikuwa wamezilipia kidogo kidogo tangu mwaka juzi, kabla kiwanda cha magodoro hakijafungwa na mtaa mzima kubaki mikono mitupu. Pesa ilikuwa hairudishwi. Na Mwalimu ndiye aliyesimama kwenye kikao cha mtaa wiki mbili nyuma, akawaambia watu wafunge mikanda, sukari iwe kijiko kimoja, anasa ziwekwe kando. Walimpigia makofi. Neno lake mtaani lilikuwa neno kweli. Ikijulikana amekwenda kuogelea, uso wake angeuweka wapi?

Basi wakasema shangazi yake anaumwa, wanakwenda kumuuguza.

Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, alikuja kuwaaga, pacha mmoja mgongoni, mwingine kamshika sketi. Mumewe alikuwa wa kwanza kuachishwa kazi kiwandani.

"Msalimieni mgonjwa," alisema. "Mdogo wangu naye kaondoka jana. Kapata kibarua cha kufua, mbali huko. Angalau nyumbani kwetu mmoja atapokea mshahara."

"Mungu hamtupi mja wake," Mwalimu aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gunia.

Siku ya kwanza hakufaidi kitu. Alipofunua shuka la kitanda cha hoteli, akakuta godoro lina nembo ya kiwanda cha mtaani kwao. Akakaa pembeni kabisa, kama mtu anayeogopa kumkalia jirani yake.

"Mke wangu," alisema Fundi, "hata ukilala sakafuni kiwanda hakifunguki."

Siku ya pili, mtu mwenye kofia ndefu nyeupe alimuuliza mayai yake ayapike vipi. Miaka hamsini na nane, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Vyovyote, mwanangu," alijibu. Kisha akajirudi, akaagiza ya kukaanga, ya kuchemsha na ya kuvuruga, akayamaliza yote.

Tangu hapo akawa haambiliki. Alivaa kofia yake ya njano akaingia bwawani kwa ngazi, mguu mmoja mmoja. Kufika alasiri alikuwa ameshateleza kwenye mtelezo wa watoto mara kumi na moja, ua likitikisika kichwani, akicheka mpaka kwikwi ikamshika. Chumbani walikuta taulo zimekunjwa umbo la bata. Mwalimu hakuwa na moyo wa kuwakunjua, wakajifutia shati la Fundi.

"Raha hii itanitokea puani," alisema siku ya tatu, akiwa amejinyoosha kando ya bwawa, kofia ameianika kwenye kiti.

"Basi piga chafya tumalize," alijibu Fundi.

Siku ya nne waliondoka mbiombio, basi likiwapigia honi, Mwalimu akishindilia nguo kwenye gunia huku akipanga uongo atakaousema.

Kesho yake asubuhi akafungua mlango na kumkuta Mama Pacha na wanawake watatu wa mtaani, na kapu lililofunikwa.

"Poleni na mgonjwa. Anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

"Anakula?"

"Mayai," Fundi alidakia kutoka ndani. Mwalimu akakohoa.

"Umeiva jua, Mwalimu."

"Kisima kiko mbali. Kutwa tulishinda kwenye maji."

"Pole, mwaya," alisema mmoja wao, akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. "Maji nayo yanachosha."

Mama Pacha alifunua kapu. Unga, maharage, vipande viwili vya sabuni, na mfuko mdogo wa sukari.

"Kila nyumba imetoa kijiko," alisema. "Si ulitufundisha mwenyewe?"

Mwalimu aliitazama ile sukari, machozi yakamlenga. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Potelea mbali heshima, alijiambia, potelea mbali na kikao chenyewe.

"Majirani zangu," alianza, "kuna jambo lazima niwaambie. Huko tulikokwenda..."

"Utatuambia ukishapumzika," Mama Pacha alimkatiza, akamkabidhi kapu. "Ila humo chini kuna kitu cha mgonjwa. Alikisahau, mdogo wangu kakituma na basi la usiku."

Wakaondoka. Walijikaza mpaka kwenye kona, kisha kicheko kikapasuka huko, cha wanawake wanne kwa pamoja.

Mwalimu alibaki mlangoni na kapu lake. Mgonjwa gani? Mgonjwa hakuwepo, angesahau nini? Alipitisha mkono kando ya unga, chini ya maharage, mpaka vidole vikagusa kitu laini, akakivuta.

Ilikuwa ya njano, imefuliwa ikatakata, imekunjwa umbo la bata, na ubavuni lile ua la mpira bado limeshika kwa gundi ya soli.